Wameshukuru na Kuondoka

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shemeji anayekusomea naye nampa salamu zake hapahapa mwanzoni, maana akifika mwisho wa barua hii huenda asiwe na hamu ya salamu za mtu. Shemeji, habari za hapo nyumbani, na pole kwa kazi ya kusoma mwandiko wangu.

Macho yanaendeleaje, Baba? Kaka aliniandikia kwamba daktari amesema la kulia ndio basi tena, na la kushoto litunzwe. Nimesikia pia kwamba ukisomewa gazeti unamrudisha msomaji nyuma kila anapomeza nukta, na kwamba juzi uligombana na gazeti lenyewe kwa kuuita mgomo vurugu. Nilicheka peke yangu. Mtu anayegombana na gazeti bado ana nguvu, na mimi nguvu zako nazihitaji kwa haya ninayokuandikia.

Mimi afya ninayo. Mgongo ni uleule wa watu wa meza ya kukatia, na sina haja ya kukueleza kwa sababu ulikuwa wako kabla haujawa wangu. Meza bado ni ileile, na ile alama uliyoiunguza kwa pasi kwenye kona ndiyo tunayopimia urefu wa mkono wa shati mpaka leo. Kilichobadilika ni mengine yote. Ulipostaafu, ghorofa ya chini ilikuwa na safu kumi na mbili za cherehani, na mtu aliyekuwa barabarani alizisikia. Leo ghorofa ya chini ni stoo. Tumebaki wakataji, wapiga pasi, watu wa vifungo na watu wa stoo, arobaini na kitu kwa jumla. Kushona kote kumepelekwa nje, majumbani, kwa wanawake zaidi ya mia mbili ambao wengi wetu hatuwajui hata kwa sura. Asubuhi wanapanga foleni kwenye dirisha la nyuma, wanapokea bando la vitambaa vilivyokwisha kukatwa, wanasaini, wanaondoka. Kesho yake wanarudisha mashati. Cherehani ni yao, umeme ni wao, mafuta ya mashine ni yao, na sindano ikivunjika imevunjika kwao. Mwenye kiwanda hana hata msumari ndani ya nyumba zao, lakini shati likitoka lina jina lake kwenye kola.

Uliniuliza mara ya mwisho kama Darasa bado linakutana. Linakutana, Baba, kusoma na kubishana siasa kila Jumamosi mchana, kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi. Tunakaa kwenye mabenchi mawili, na kiti kibovu cha kunyolea kisichopanda wala kushuka tumemwachia Katibu, kwa heshima ya umri wake. Tulikuwa watano. Katibu unamfahamu, yule mpangaji herufi wa kiwanda cha uchapaji, ambaye siku hizi amestaafu na ana muda wote duniani wa kubishana. Yupo Fundi Pasi, ambaye ulimfundisha kusoma mwenyewe na hajakusahau, kila akinyanyua mdomo ni Mzee alisema hivi, Mzee alisema vile. Yupo Mama Vifungo, anayeendesha mashine ya matundu ya vifungo. Wa nne ni Binti wa Stoo, msichana aliyemaliza chuo kikuu akakosa kazi ya alichosomea, akaja kwetu kuhesabu mabando. Wa tano ni mimi. Kinyozi mwenyewe huwa anakaa nasi, anatupikia chai na kutukopesha chumba, lakini hakuwa na kura. Katibu aliamua zamani kwamba mtu mwenye viti viwili vya kunyolea na mikasi yake mwenyewe ni kibwanyenye, basi akamwandika kuwa mwangalizi. Kinyozi hakukasirika. Alisema ni mara ya kwanza kuitwa tajiri, na akaomba tumwandikie barua akamwonyeshe mkewe.

Sisi watano ndio pia kamati ya tawi la chama cha wafanyakazi hapo kiwandani, si kwa sababu tulichaguliwa kwa kishindo bali kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Kwa hiyo neno likipita kwa kinyozi Jumamosi, linakuwa neno la tawi Jumatatu. Hilo naomba ulishike, maana kila kilichotokea kimetokana nalo.

Mwaka jana Binti wa Stoo alitoa hoja kwamba Kijitabu kiandikwe upya. Namaanisha Kijitabu chenu cha jalada la kijani, mlichokipiga chapa kwa siri, ambacho sisi tulilelewa nacho kama watoto wengine walivyolelewa na vitabu vya dini. Alisema kwa adabu, wala hakukutukana. Alisema kwamba Marx aliwatazama watu wa zama zake kwa macho yake mwenyewe, nanyi mkawatazama wa zama zenu, lakini sisi hatutazami, tunakariri. Alisema kwamba tunamtafuta mfanyakazi kwenye ghorofa ya chini wakati alikwisha kuhama, na kwamba tukiendelea hivi tutakuwa chama cha wafanyakazi wa kukumbukwa tu. Katibu alinuna wiki mbili, kisha akakubali kuunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikawa sisi wote watano, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuachwa nje.

Sura ya kwanza ilikwenda vizuri. Tukafika sura ya pili, ile yako, inayoanza na sentensi ambayo ningeweza kuisema usingizini: Mfanyakazi ni yule asiyemiliki chochote cha kuzalishia mali isipokuwa mikono yake. Hapo tukakwama Jumamosi kumi na moja. Baba, kumi na moja, kwa sentensi moja. Kinyozi alisema amewahi kunyoa bwana harusi, akamnyoa tena siku ya ubatizo wa mtoto wake, na sisi bado tuko ukurasa wa tisa.

Hoja ya Binti wa Stoo ilikuwa hivi. Zamani mwenye mali alijulikana kwa mashine zake. Siku hizi amekuwa mjanja, mashine kamtupia mfanyakazi, pamoja na umeme, kodi ya chumba na uchakavu, naye amebaki na oda, ruwaza ya shati na lebo. Huyo mwanamke wa dirisha la nyuma ana cherehani, ndiyo, lakini hawezi kushona shati moja la kiwanda bila kupewa kipande, hapangi bei, na akikataa bando leo kesho jina lake halimo kwenye orodha. Akauliza, huyu anamiliki nini hasa? Anamiliki gharama.

Mama Vifungo alimuunga mkono siku ya kwanza na hakuyumba. Katibu alisema kwamba ukianza kulegeza maana ya mfanyakazi hujui utaishia wapi, kesho mwenye duka naye atasema anateseka. Fundi Pasi ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alisema wale wanawake ndio waliotuondolea watu wa ghorofa ya chini, wanafanya kazi ileile kwa malipo madogo, wanamsaidia mwenye kiwanda kutubomoa, na isitoshe hawajawahi hata siku moja kutaka kuwa wenzetu. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Nikiulizwa nilisema hoja zote zina uzito, ndivyo anavyosema mtu asiyetaka kusema.

Wakati sisi tukipima uzito wa hoja, dirisha la nyuma lilikuwa linachemka. Unajua kisu cha kukatia kikiwa butu kitambaa cha chini kwenye rundo huteleza, na kola za chini zinatoka zimepinda. Kisu changu kilikuwa butu tangu mwanzo wa mwaka. Niliomba kipya mara tatu nikaambiwa nisubiri. Mwanamke akipokea bando lenye kola zilizopinda, akazishona, anarudishiwa mashati yote ayafumue na kuyashona tena bila malipo, na kosa linaandikwa jina lake. Kosa lilikuwa langu, au la kisu, au la aliyekataa kununua kisu, lakini lilikwenda kulala kwenye nyumba za watu. Basi wale wanawake wakakubaliana kwamba hawatapokea bando lolote mpaka vipande vikaguliwe kabla ya kutoka. Walihitaji kitu kimoja tu kutoka kwetu. Walitaka waingizwe kwenye tawi, ili wao wakikataa kupokea, sisi tukatae kukata.

Aliyetumwa kuja kuniona ni Kola. Hujamsahau, Baba, yule msichana mwenye shingo ndefu ambaye Mama alimfundisha kushona kola mpaka jina likamganda. Sasa ana watoto wanne na mvi mbili tatu. Mama alipofariki ndiye tuliyempa cherehani, ile nyeusi ya kukanyaga, na pedeli yake bado ilikuwa imefungwa kile kitambaa chekundu alichokifunga Mama ili mguu usiteleze. Kola aliniomba nimpelekee Darasa maombi yao. Alisema hajui hayo mambo ya sura ya pili, anachojua ni kwamba mimi ni mtoto wa fundi wake na wewe ni Mzee wa chama, kwa hiyo amekuja kwa watu wa nyumbani.

Nilimsindikiza mpaka kwake, na nilivyoiona ile mashine nilikumbuka mikutano yenu. Mlikuwa mnakutana sebuleni, wanaume saba na majivu ya sigara, na Mama yuko pembeni dirishani anashona mashati ya kiwanda. Mlipofika kwenye jambo zito ulikuwa unageuka na kumwambia asimamishe mashine kidogo, ili msikilizane. Anasimamisha. Mkimaliza jambo zito anaanza tena. Mimi nilikuwa chini ya meza nachezea vipande vya kitambaa, na nilidhani ndivyo siasa ilivyo.

Kikao cha kura kilikuwa Jumamosi ya kumi na moja. Katibu alipanga kwamba sentensi na maombi yapigiwe kura moja, kwa kuwa sentensi ikibaki maombi yameanguka yenyewe. Mama Vifungo na Binti wa Stoo walitaka ibadilishwe. Katibu na Fundi Pasi walitaka ibaki. Kabla ya kufika kwangu Fundi Pasi alisimama akasema maneno ninayokuandikia kama yalivyo, kwa sababu kila siku nayasikia.

Alisema, “Mimi si jiwe. Nionyesheni mshonaji mmoja tu wa nyumbani, tangu chama kizaliwe, aliyewahi kuja kugonga mlango wa chama kabla mambo hayajamfika shingoni. Mmoja tu. Nitabadilisha kura yangu sasa hivi na nitamwomba radhi.”

Binti wa Stoo alisema hana ushahidi wa hilo, yeye amezaliwa juzi. Katibu alisema yeye hakumbuki, wakati huo alikuwa kiwanda kingine. Wote wakanitazama mimi, mwenye sanduku la karatasi zako. Nikasema sikumbuki kuona kitu kama hicho. Kisha nikanyoosha mkono sentensi ibaki. Kinyozi, kutoka mlangoni, alisema kwamba yeye angepiga kura ibadilishwe. Katibu akaniagiza niandike kwamba mwangalizi ametoa maoni, nikaandika.

Jumatatu nilipewa kazi ya kupeleka jibu dirishani. Nilijaribu kulieleza vizuri. Nilimwambia Kola kwamba tunawahurumia na tunawaunga mkono kwa moyo, ila kwa mujibu wa Kijitabu, kwa kuwa kila mmoja wao anamiliki cherehani, hawahesabiki kuwa wafanyakazi kwa maana kamili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Basi waambie cherehani nitaiacha nje ya mlango. Niingie na mikono.” Alinifungia dirisha yeye, kwa upande wake, taratibu tu, kama mtu anayefunga asivunje kioo.

Walikataa mabando peke yao siku kumi na tisa. Sisi ndani tukaendelea kukata. Wiki ya kwanza vipande vilivyokatwa vilirundikana mpaka vikafika chini ya dirisha la juu, na kila mtu aliona, hata msimamizi aliona, kwamba wakataji wakiweka visu chini siku mbili tu kiwanda kitakaa chini kuzungumza. Niliona hivyo nikiwa na kisu mkononi. Nilikata mikono ya mashati, nikakata migongo, nikakata kola. Fundi Pasi hakuwa na mashati ya kupiga pasi, akawa anapiga pasi vitambaa vya kufutia meza ili aonekane ana kazi. Wiki ya pili lori lilikuja likapakia mabando yote kwenda mji mwingine, kwa washonaji wengine ambao nao bila shaka wana cherehani zao. Mimi ndiye niliyefunga kamba. Nilizifunga vizuri, kwa fundo ulilonifundisha, maana mikono haijui kufanya kazi ovyo hata pale moyo unapotaka.

Siku ya ishirini waliporudi dirishani, walikuta orodha mpya. Majina sitini na mawili hayakuwemo, na la Kola lilikuwa kati ya hayo. Binti wa Stoo ndiye aliyelazimishwa kuwasomea. Alisoma mpaka herufi ya kati, akaweka karatasi chini, akavua beji, akatoka na hajarudi. Nimemwandikia mara mbili. Hajajibu, na sioni kwa nini anijibu.

Kola alihama. Jirani yake aliniambia kwamba aliuza vyote visivyobebeka. Mwezi uliopita niliingia kwenye mgahawa mpya ulio karibu na benki, wenye viti vya kupendeza na taa zinazoning'inia, nikakaa kwenye meza ya dirishani. Nilipokunja miguu nikagusa chuma. Ilikuwa miguu ya cherehani, Baba, imepakwa rangi nyeupe, juu wameweka ubao wa kung'aa, na pedeli wameiacha chini ili wateja wachezeshe miguu. Kile kitambaa chekundu kilikuwa bado kimefungwa, nacho kimepakwa rangi juu kwa juu, kimekuwa kigumu. Kichwa cha mashine sijui kiko wapi. Niliagiza chai, nikainywa yote, nikalipa.

Baada ya hapo Darasa lilibadilisha sentensi. Ndiyo, tuliibadilisha. Kwa kauli moja, tena haraka, dakika zisizofika kumi. Kinyozi tulimpa kura na akaitumia. Sasa sura ya pili inaanza kwa kusema kwamba mfanyakazi ni yeyote ambaye kazi yake, muda wake na riziki yake vimo mikononi mwa mwingine, awe anamiliki kifaa au hamiliki. Ni sentensi nzuri. Katibu aliisoma kwa sauti, akairudia. Tulichapa nakala mia tatu za jalada la kijani kama la zamani. Nakala zipo chini ya benchi kwa kinyozi, bado zimefungwa, na wateja wanaegesha viatu vyao hapo wakingoja zamu. Hatuna wa kumpa. Wale iliowahusu wametawanyika, na waliobaki dirishani wakituona wanageuza uso.

Nao waliobaki ndani hawatabaki. Mwisho wa mwezi huu chumba cha kukatia kinafungwa. Mwenye kiwanda amepata mahali penye mashine inayokata yenyewe kwa kompyuta, haihitaji mgongo wa mtu. Meza yako itauzwa pamoja na mbao nyingine. Niliomba nikate ile kona yenye alama nikuletee, wakasema itaharibu thamani ya ubao. Fundi Pasi yeye hakuachishwa. Ameitwa ofisini akaambiwa anunue pasi yake, aweke nyumbani, awe anapelekewa mashati. Alikuja kwa kinyozi Jumamosi iliyopita akakaa kwenye benchi. Kisha akaniuliza, bila utani wowote usoni, yeye sasa yuko sura ya ngapi. Nikamwambia yuko sura ya pili. Akaniuliza ya zamani au mpya.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Shemeji, hapa usiruke mstari, hata Baba akikwambia inatosha. Soma kama nilivyoandika.

Baba, siku mbili kabla ya kura nilifungua lile sanduku la bati uliloniachia, nikitafuta rasimu ya kwanza ya Kijitabu. Chini kabisa nikakuta daftari la kumbukumbu za vikao vya tawi, za mwaka ambao mimi sijazaliwa. Mwandiko ni wako, ule ulionyooka kama umepigiwa rula. Kuna kikao kimoja, ajenda ya nne. Umeandika kwamba washonaji tisa wa majumbani wamefika mbele ya kamati kuomba kuingizwa chamani, na umeorodhesha majina yao. Jina la nne ni la Mama. Umeliandika kwa jina lake la ubini, kama vile humjui. Chini yake umeandika hivi: Wameelezwa kwamba hawastahili, kwa kuwa kila mmoja anamiliki mashine yake. Wameshukuru na kuondoka. Halafu unaendelea na ajenda ya tano, ambayo ni kununua kufuli la mlango wa ofisi.

Nilichana ukurasa ule, nikaukunja, nikautia mfuko wa shati. Ulikuwa mfukoni Fundi Pasi aliposimama kuomba jina moja tu. Mimi nilikuwa nayo tisa. Ningeinuka nikamsomea, angebadilisha kura, namjua, angebadilisha huku analia. Hata kura yangu isingehitajika. Lakini angejua kwamba Mzee wake, aliyemfundisha kusoma, alimfungia mlango mkewe mwenyewe, na mimi sikutaka ajue. Nilijiambia nakulinda wewe. Nimekaa na jambo hili miezi saba na naona haikuwa hivyo. Nilikuwa nimejijenga juu ya sentensi ile, sina kingine. Sina mke, sina nyumba, cheo sikupata. Nilikuwa mtoto wa mtu asiyekosea. Nikaona bora wanawake mia mbili wabaki nje kuliko mimi nitoke humo.

Naona aibu, Baba, na nakuonea hasira pia, na vyote viwili vimekaa pamoja wala havigombani. Kuna mambo nilitaka kukuandikia kuhusu harakati, kwamba pengine wengine watatokea mahali pengine wafanye vizuri kuliko sisi, lakini nikiyaandika yanaonekana kama maneno ya kwenye hotuba ya msiba. Siamini. Naamini kwamba mlango uligongwa mara mbili, mara moja na Mama na mara moja na Kola, na mara zote mbili aliyekuwa ndani ni mtu wa nyumba yetu. Ukurasa wenyewe nimeuambatanisha. Shemeji atakuwekea mkononi. Huwezi kuusoma, lakini karatasi utaijua kwa kuipapasa, ni zile ngumu za kiwandani, zinazotiwa ndani ya kola ili isimame.

Sikuombi uniombe radhi, wala sikuletei hukumu, sina ubavu huo. Nakuomba unijibu swali moja tu, na shemeji akuandikie jibu kama utakavyolisema, hata likiwa fupi. Siku ile kikao kilipokwisha, Mama alikuwa amekwisha kutangulia nyumbani. Wewe ulifika baadaye, na wenzako, maana mlikuwa na mazungumzo ya kumalizia sebuleni. Ulimkuta anashona? Na mlipofika kwenye jambo zito, ulimwambia asimamishe mashine?

Msalimie Kaka, mwambie nimepokea viatu na vinanitosha. Wabusu watoto wote, na huyo mdogo anayekushikia fimbo mwambie baba mdogo anamkumbuka. Dawa ya macho uweke kwa saa, usisubiri mpaka ukumbushwe. Fundi Pasi alisikia nakuandikia akasema nikufikishie shikamoo yake. Nimeifikisha. Yeye bado hajui.

Ni mimi mwanao,
Mkataji